Je, Kumhadaa Ndege ni Uwongo?



Limetufikia katika darasa letu suala ambalo, twakiri, mwanzo tulilidharau. Lilitoka kwa kijana wa mji wetu aliyesafiri kwenda Uingereza kutafuta riziki, naye sasa afanya kazi katika shamba la ng'ombe na nafaka upande wa mashariki wa nchi ile. Atueleza kwamba siku za mapumziko tajiri wake pamoja na jirani zake humchukua kwenda kupiga njiwa wa mwituni. Njiwa hao hawafuatwi mbioni wala hawaviziwi mtini. Huitwa. Wenyewe wawindaji hupanga sanamu za njiwa juu ya majani ya malisho, wakajificha nyuma ya wavu, na njiwa wa kweli wakija kutua kati ya wenziwao wa uwongo hupigwa bunduki. Kijana asema kwamba amesaidia kuokota mizoga na nyama yake ameila. Lakini mara ya tatu, alipowaona wale ndege wakikunja mbawa zao kushuka kwa amani, alishikwa na uzito wa moyo usiomtoka hata leo. Auliza: Je, hii si khiyana? Na ikiwa ni uwindaji, na uwindaji ni halali, basi uzito huu watoka wapi?

Baadhi ya wenzetu walicheka. Mmoja alisema kwamba tunayo masuala ya mirathi yaliyolala miaka mitatu mahakamani, na mayatima wangoja, nasi twakaa kumlilia njiwa wa Ulaya. Maneno hayo yana haki yake. Lakini mwulizaji ni mtoto wetu, na suala lake si la njiwa peke yake. Ni suala la uwongo ni nini, na nani ana haki ya kuambiwa kweli. Mwenye kulijibu hilo hapaswi kuona haya kwamba limeletwa na ndege.

Wanavyuoni wa usuli husema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi na tuanze kwa kulifahamu jambo lenyewe, kwani wengi wetu tuwajuao ni tetere na hua wa mashambani, na pugi aliaye vichakani, na ninga wa rangi ya majani. Na njiwa manga tuwafugao juu ya mapaa. Njiwa wa mwituni wa Uingereza ni mkubwa kuliko hao wote. Uzito wake wafika nusu kilo. Rangi yake ni ya kijivu, kifua chake chaelekea wekundu wa zambarau hafifu, na ana baka jeupe kila upande wa shingo, na ukanda mweupe katika kila ubawa uonekanao arukapo. Ni wengi mno: wakadiriwa kuwa zaidi ya jozi milioni 5 wanaozaa katika nchi ile. Wakati wa mavuno hula ngano na shayiri. Majira ya majani kupukutika hula mbegu za miti ya mwituni. Na baridi inapokaza, nafaka zimekwisha na mbegu zimekwisha, huteremka kwa mamia katika malisho ya ng'ombe kudonoa klova, mmea mfupi wa jamii ya kunde wenye vijani vitatu vitatu uotao kati ya nyasi. Chakula hicho ni dhaifu, na mchana wa huko wakati huo ni mfupi. Basi njiwa hana budi kudonoa tangu asubuhi mpaka jua kushuka ili ajaze kishimbo chake kwa ajili ya usiku mrefu.

Hapa ndipo mwindaji anapoingia. Hodari wao haanzi kwa bunduki. Aanza kwa darubini. Siku ya kwanza hukaa mbali akaangalia njiwa wapita wapi na watua wapi, kwani wana njia zao angani kama sisi tulivyo na njia zetu za kwenda sokoni. Siku ya pili huja mapema, akasimamisha wavu wa rangi ya majani kando ya ua wa miti, akaingia ndani yake. Mbele yake, kadiri ya hatua ishirini au ishirini na tano, hupanga sanamu zake kwa umbo la kwato ya farasi, na katikati huacha uwanja mtupu. Njiwa hutua kwa kuukabili upepo kama afanyavyo ndege yeyote. Kwa hiyo sanamu nazo hupangwa zikielekea upepo, ila zisielekee sawa sawa kama askari, kwani kundi la kweli halisimami hivyo. Wengine hutumia njiwa waliokufa, wakainua vichwa vyao kwa kijiti ili waonekane wako macho. Siku hizi kiko hata chombo kiendeshwacho kwa betri, chenye mikono miwili mirefu izungukayo na njiwa wawili juu yake, ili kwa mbali aonekane kama njiwa anayetua. Ule uwanja mtupu ulioachwa katikati ndio kaburi. Ndege wa juu huuona kama nafasi aliyowekewa na nduguze, akashuka hapo hapo.

Ndugu msomaji, litazame jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo lililompa kijana wetu uzito. Je, ni kitu gani kilichomshusha yule njiwa? Njaa anayo, lakini klova iko kila mahali. Angeweza kutua malisho ya pili. Kilichomshusha ni kuwaona wenziwe. Wachunguzi wa ndege wametufahamisha kwamba ndege alaye peke yake huinua kichwa mara kwa mara kwa kumwogopa kipanga, naye alaye katika kundi huinua kichwa mara chache, kwa sababu macho ya wenziwe yamlinda. Kundi lililotulia likila ni ushahidi kwamba mahali pale pana amani. Basi mwenye kupanga sanamu amelitengeneza nini? Ametengeneza ushahidi. Hakumwekea ndege chakula. Amemwekea mashahidi wa uwongo, tena wa jinsi yake, wanaosema kwa kukaa kwao kimya: njoo, hapana hofu. Nasi sote twajua jinsi dini yetu ilivyoulaani ushahidi wa uwongo, hata Mtume (s.a.w.) alipoutaja kati ya madhambi makubwa aliacha kuegemea akaketi, akawa anaukariri.

Je, twaweza kukata hukumu hapo, tukasema ni haramu na kalamu ikauke? Wako wapendao hukumu za namna hiyo. Sisi hatuwezi, kwani mara tu tunapoitamka hukumu hiyo, wavuvi wetu wote wasimama kutudai jawabu.

Mvuvi wa pwani hii atia chambo katika ndoana, naye samaki aona chakula wala haoni chuma. Huweka dema, na samaki huingia kwa mlango mpana asione kwamba kutoka hakuna. Mwenye kurambaza huburura nyuma ya chombo kitambaa cheupe au manyoya yang'aayo, na nguru hudhani ni kidagaa. Hapana mwanachuoni aliyepata kusema kwamba mvuvi ni mwongo, na Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo ya bahari, na mawindo ya nchi kavu pia isipokuwa tukiwa katika ihramu. Uwindaji wote, tangu ulimwengu kuumbwa, una hila ndani yake. Mtu hana mbio za paa wala mbawa za njiwa. Akiondolewa hila, ameondolewa mawindo. Mwenye kuhalalisha kitu hawezi kuwa ameharimisha njia yake isiyokuwa na budi.

Tena uwongo, kwa maana yake hasa, ni neno au ishara ipitayo baina ya wawili wenye ahadi ya kuaminiana. Mimi nikikwambia jambo, wewe umenipa sikio lako kwa sababu waamini kwamba wanadamu husemezana kwa kweli. Nikikudanganya nimeivunja ahadi hiyo. Njiwa wa mwituni hana ahadi nasi. Hakutuamini kamwe, angetuona tu angeruka. Amewaamini njiwa wenziwe, nao hawakumwambia uwongo, maana hawakuwapo. Kwa hoja hii sanamu ya njiwa ni sawa na wavu wa rangi ya majani: ni kujificha tu, ila ni kujificha kwa ustadi zaidi.

Hoja hii ni nzuri, na darasani ilikuwa karibu kushinda. Kisha mwenzetu mmoja, mtu wa maneno machache, akauliza: Na kuku?

Hatukumfahamu. Akafafanua. Kuku hatuviziani naye. Twaishi naye uani. Kila asubuhi twamwita kwa sauti aijuayo, tukamtupia mtama, naye huja mbio akala miguuni petu. Siku tuliyopata wageni twamwita kwa sauti ile ile na mtama ule ule, akaja, tukamkamata. Ikiwa uwongo ni kuivunja ahadi ya kuaminiana, basi yule mwindaji wa Uingereza ni safi na sisi ndio wenye kosa, kwani kuku ametuamini sisi wenyewe, si sanamu.

Tulinyamaza kitambo. Twaandika haya ili msomaji ajue kwamba hatukulifikia jawabu kwa wepesi.

Kisa kimoja husimuliwa sana katika mihadhara, cha mwanachuoni wa hadithi aliyesafiri masafa marefu kwenda kuchukua hadithi kwa mtu, akamkuta yule mtu anamwita mnyama wake aliyekimbia kwa kumwonyesha nguo iliyokunjwa kana kwamba ndani yake mna shayiri; akageuka akarudi, asitake hadithi kwa mwenye kuwadanganya wanyama. Twakitaja kwa kuwa kila mtu akijua. Hatukifanyi kuwa dalili. Na hata tukikikubali, kinahusu tabia ya msimulizi, kwamba aliyezoea hila katika jambo dogo haaminiki katika kubwa. Hakisemi kwamba mnyama alidhulumiwa.

Jawabu la kuku, twaona, limo katika sheria yenyewe ya kuchinja. Mtume (s.a.w.) alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu huku mnyama akimtazama. Akatuamuru kunoa makali na kumpumzisha mchinjwaji. Litazame hilo: tumeamrishwa kumficha mnyama jambo. Tumeamrishwa asijue. Basi kumbe kumficha mnyama kifo chake kwaweza kuwa rehema, na kumfunulia kukawa ukatili. Kuku aliyekuja kwa mtama, akakamatwa, akachinjwa kwa kisu kikali kabla moyo wake haujajaa hofu, amefanyiwa wema kuliko yule aliyekimbizwa uani na watoto robo saa mpaka ulimi ukamtoka. Vivyo hivyo njiwa aliyekuja kutua kwa amani na kupigwa papo hapo kwa karibu, pengine amepata mauti mepesi kuliko paa aliyefukuzwa na mbwa tangu alfajiri.

Kwa hiyo twasema wazi: hila juu ya ndege si uwongo, na uzito wa kijana wetu hautoki hapo ingawa yeye adhani watoka hapo. Moyo mara nyingi hulia kwa haki, ila ukaelekeza kidole mahali siko. Na tuutafute mahali hasa.

Twaweza kuanza kwa kutenga aina moja ya chambo ambayo haina udhuru. Huko Marekani walikuwako njiwa wa safari ambao makundi yao, kwa masimulizi ya waliowaona, yalilifunika jua. Wawindaji wa huko walimkamata njiwa mmoja hai, wakamshona kope za macho kwa uzi asione, wakamfunga juu ya kijiti kilichoinuliwa na kushushwa kwa kamba. Naye kila kiposhuka alipiga mbawa ili asianguke, na wenziwe walioko juu wakadhani anatua palipo na chakula, wakashuka kwenye nyavu kwa mamia. Kwa kuuawa namna hiyo na nyingine nyingi, na kwa misitu yao kukatwa, walitoweka. Wa mwisho alikufa tunduni katika mji wa Cincinnati tarehe 1 Septemba, 1914. Waingereza wenyewe, katika sheria yao ya mwaka 1981, wamekataza kumtumia ndege hai aliyefungwa, au kipofu, au aliyeumizwa, awe chambo cha wenziwe. Wakakataza pia kuwaita ndege kwa sauti iliyonaswa katika chombo. Hawakukataza sanamu. Tofauti hiyo ni ya akili: sanamu haiumii. Kwetu Kenya, huko Nyanza, watu hunasa kware kwa kumtundika kware hai ndani ya kikapu juu ya mlingoti, akalia alfajiri akawaita wengine mitegoni. Huyo hakushonwa macho, lakini mwenye kumfuga kwa kazi hiyo ataulizwa juu ya maji yake na chakula chake na nafasi ya kugeuka. Na sisi wa mjini tusijitoe. Nani kati yetu hakupata, utotoni mwake, kulitundika tundu la chiriku mtini na kupaka ulimbo matawini, akakaa chini kungoja? Tuliowanasa wakafa mikononi mwetu kwa manyoya kugandana ni wengi kuliko waliofika nyumbani, wala hatukumla hata mmoja.

Hilo la mwisho ndilo litupelekalo penye shina. Hatukumla hata mmoja. Imepokewa na Nasai kwamba mwenye kumwua shomoro, au kilicho kikubwa kuliko yeye, pasipo haki yake, ataulizwa na Mwenyezi Mungu. Na haki yake ni kumchinja na kumla, wala si kumkata kichwa na kumtupa. Na Ibn Umar aliwapita vijana waliomfunga ndege wakashindana kumpiga kwa mishale, nao walipomwona wakatawanyika, akawaambia kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Basi sheria haikuuliza: Je, umemdanganya? Imeuliza: Umemwua kwa ajili gani?

Tuulize basi, njiwa hawa huuawa kwa ajili gani?

Jawabu la wawindaji ni kwamba njiwa huharibu mazao. Nalo ni kweli. Mwenye kulima kabichi au dengu au njegere akashukiwa na njiwa elfu mbili ajua msiba wake, na hapa kwetu mkulima wa mpunga akaaye juu ya dungu kuanzia alfajiri kuamia ndege, na kombeo yake mkononi, hahitaji kufundishwa. Mazao ya mtu ni mali yake, na kuilinda mali ni haki. Sheria ya Uingereza nayo imejengwa juu ya hoja hiyo. Ndege wote wa mwituni wamehifadhiwa, na njiwa huyu huruhusiwa kuuawa kwa ruhusa ya jumla itolewayo kwa ajili ya kuzuia madhara makubwa ya mazao. Haitolewi kwa ajili ya mchezo. Mwezi wa Aprili mwaka 2019 huko England ruhusa hiyo iliondolewa ghafula baada ya watetezi wa ndege kuipinga kwa njia ya sheria, kisha mwaka huo huo ikatolewa nyingine yenye masharti.

Lakini kijana wetu asema kwamba njiwa walikuwa juu ya malisho. Nyasi na klova. Twamwomba msomaji asilipite neno hili haraka. Hapakuwa na ngano pale, wala kabichi, wala njegere. Klova huliwa na ng'ombe, ni kweli, lakini wakati wa baridi kali ng'ombe wengi wamo mabandani walishwa majani makavu, na kijani kidogo akidonoacho njiwa hakimfilisi mwenye shamba. Kijana alimwuliza tajiri wake, naye akamjibu kwa ukweli ambao twamsifia: twawapiga hapa kwa sababu hapa ndipo wanapotua.

Wapo watakaosema kwamba njiwa wa malisho leo ni njiwa wa kabichi kesho, basi kumwua leo ni kuyalinda mazao ya kesho. Hoja hii ilipimwa. Bwana R. K. Murton, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi chini ya Wizara ya Kilimo ya Uingereza, aliwachunguza njiwa hawa miaka mingi katika kijiji cha Carlton jimbo la Cambridgeshire, na mwaka 1965 akatoa kitabu kizima juu yao. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ilikuwa ikisaidia bei ya risasi ili njiwa wapunguzwe. Alichokiona ni kwamba idadi ya njiwa wafikao mwisho wa baridi iliamuliwa na klova. Chakula kikiwa kidogo, waliobaki ni wachache. Kikiwa kingi, ni wengi. Waliopigwa bunduki wakati wa baridi walikuwa katika hesabu ya wale ambao njaa ingewaua. Na kila aliyeuawa alimwachia mwenziwe fungu lake la majani. Mwisho wa baridi hesabu ilikuwa ile ile. Msaada wa risasi hatimaye ulikoma. Tangu miaka ya 1970 wakulima wa huko wamelima kwa wingi mmea wa jamii ya kabichi utoao mbegu za mafuta, ambao huwa kijani baridi nzima, na njiwa wakaongezeka kwa kuwa njaa ya baridi imewapungukia. Kwa hivyo aliyewazidisha ni jembe, na bunduki ya malisho haikuwapunguza.

Mjuzi wa mabishano aweza kuigeuza hoja hii: ikiwa angekufa kwa njaa, basi risasi imempumzisha. Twajibu kwamba hatujui yupi kati ya elfu atakayekufa kwa njaa, naye mwindaji hajui. Na hatukupewa kazi ya kugawa mauti kwa kukisia.

Basi sasa jambo linaanza kuonekana. Kwenye karatasi wawindaji hawa ni walinzi wa mazao. Katika malisho yasiyo na mazao, ni watu waliokwenda kufurahi. Hatusemi hivyo kwa kuwachukia. Kijana mwenyewe asema ni watu wakarimu, na mmoja wao alimnunulia koti la baridi. Twasema kwamba tulikwenda kutafuta uwongo baina ya mtu na njiwa, tukaukuta baina ya mtu na nia yake. Sanamu ilipangwa kwa ajili ya ndege, lakini neno "mazao" limepangwa kwa ajili ya dhamiri, kwa umbo la kwato, na uwanja mtupu katikati. Na dhamiri ikatua.

Na furaha hiyo ina bei yake, tusiipite. Bunduki ya marisau hutawanya vipande vidogo vingi, na ndege wa pembeni hupata kimoja au viwili, akaenda navyo. Kijana amewaona wakishukia mitini mbali, mguu umening'inia. Hao hawahesabiwi jioni wakati mizoga inapopangwa mistari na kupigwa picha, na mtu kuwatumia rafiki zake hesabu. Tena njiwa hawa huzaa kwa muda mrefu wa mwaka, na wengi huwa na makinda mpaka mwezi wa Septemba, nao huwalisha makinda kwa maziwa mazito yatokayo kooni mwao wenyewe, baba na mama pia. Mwenye kupiga njiwa juu ya mabua ya ngano mwezi wa Agosti hajui nani amngoja juu ya mti. Abu Dawud amepokea kwamba masahaba katika safari walimwona ndege mdogo ana makinda mawili, wakayachukua, mama akaja akitandaza mbawa zake juu yao, na Mtume (s.a.w.) aliporudi akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe. Hakuna aliyejibu siku ile kwamba ndege hana ahadi nasi.

Ama suala la nyama, tutalipitia kwa ufupi kwa sababu limeandikwa sana. Mwenye kuwinda hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua. Akimkuta ndege yu hai humchinja, na hapo hapana khitilafu. Akimkuta amekwisha kufa kwa marisau, wengi wa wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamemtia katika hukumu ya aliyekufa kwa pigo, naye haliwi. Na wako wengine, Imam Shawkani wa Yaman akiwa mmoja wao, walioona kwamba risasi hupenya kama mshale, basi huliwa. Kijana ambaye anayo nyama nyingine sokoni hana dharura ya kuingia katika khitilafu hiyo kila Jumapili.

Tumemwandikia hivi. Asiwaite tajiri wake na jirani zake wahaini, kwani kwa ile sanamu hawakumkhini mtu. Wakienda kulinda kabichi au njegere zilizoshukiwa, na akiweza kumwahi ndege na kisu, na nyama ikaliwa, basi aende, wala moyo wake usimsumbue kwa sababu ya kuwaona wakitua. Wakienda malishoni kwa ajili ya hesabu na picha, awaombe radhi kwa adabu abaki nyumbani. Na akiulizwa kwa nini, aseme kweli, kwamba pale hapana mazao. Tumemwambia pia kwamba wale waliojeruhiwa akiwaona mitini asingoje kuagizwa. Awafuate awamalizie, hata kama siku ile hakupiga yeye.

Amejibu. Asema alipolitaja neno la mazao tajiri wake alikaa kimya, kisha akacheka, akasema kwamba marehemu baba yake naye hakupenda kupiga juu ya malisho, na hakupata kumwuliza sababu.

Na yule mwenzetu wa maneno machache, aliyetuletea suala la kuku, alituaga mapema usiku ule. Alhamisi alikuwa na wageni kutoka Malindi, na kisu alitaka kukinoa kabla hajafika uani.